Mtindio wa ubongo: Kisomo kisitucheleweshe hospitali

WAZAZI wengi, mtoto anapochelewa kukaza shingo, hujipa moyo kuwa "atakaza tu, hata baba yake alichelewa." Akipatwa na degedege, husemwa ni jini. Miezi inapita katika makombe na hirizi, na mtoto anafikishwa hospitali viungo vimekwisha kukakamaa.

Ndugu zangu Waislamu, mtindio wa ubongo ni matokeo ya ubongo kuumia tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Miongoni mwa sababu ni mtoto kukosa hewa, kuzaliwa njiti, manjano makali na homa ya uti wa mgongo. Si laana. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini misuli isiyofanyiwa mazoezi hukaza na viungo vikapinda. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Mpeleke kliniki ikiwa ametimiza miezi 4 hajakaza shingo, au miezi 9 hajaweza kukaa. Ikiwa kabla ya mwaka anatumia mkono mmoja tu na mwingine ameukunja ngumi. Ikiwa miguu inapishana kama mkasi. Au ikiwa mwili umelegea mno ama umekauka kama ubao.

Na yule ambaye tatizo lake limekwisha kujulikana, mkimbize hospitali, hata kama ni usiku wa manane, degedege likizidi dakika 5 au likirudi kabla hajazinduka, akipumua kwa shida au midomo ikibadilika rangi, akishindwa kumeza, au akipaliwa na chakula kisha akapata homa na kikohozi. Akipoteza jambo alilokuwa analiweza, mrudishe kwa daktari haraka, maana huenda kuna maradhi mengine.

Wakati wa degedege mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, wala usimnyweshe kombe, kwani maji yanaweza kuingia mapafuni. Msomee kwa sauti, huku mwenzio anatafuta gari.

Hatusemi watu waache kisomo. Mtume (s.a.w.) alituombea wagonjwa na pia akatuamrisha tujitibu. Tawakkul bila ya kufunga ngamia si tawakkul. Mtoto huyu ni amana, na siku ya Kiyama tutaulizwa kwa nini tulimficha chumba cha ndani.

Wabillah Tawfiq.