Mtu Wetu au Mtu Mwadilifu?

Wakenya watarudi kwenye vituo vya kupigia kura tarehe 10 Agosti 2027, na kila mpiga kura atapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Mkristo anayetaka Maandiko yamwongoze asingoje wiki ya mwisho. Aanze sasa, na aanze na Waamuzi sura ya 9.

Humo yumo Abimeleki, mwana wa Gideoni. Alipoutaka utawala hakuwaendea watu wa Shekemu na sera yoyote. Aliwaendea wajomba zake, akawatuma wakaulize mjini: lipi jema, kutawaliwa na wana 70 wa Gideoni au na mtu mmoja ambaye ni damu yenu? Wakampenda kwa kuwa ni ndugu yao. Wakamchotea vipande 70 vya fedha katika hekalu la Baal-berithi, naye akakodi wahuni kwa fedha hizo, akaenda Ofra akawachinja ndugu zake juu ya jiwe moja. Aliyeponea ni Yothamu, kitinda mimba, aliyekuwa amejificha. Baada ya miaka 3 Shekemu na Abimeleki waligeukana, na mji ukabomolewa na yuleyule waliyemwita ndugu.

Undugu, fedha, vijana wa kukodiwa: tunavijua vyote vitatu. Nawasihi mwangalie pia kwamba Yothamu alipopanda mlima Gerizimu kulalamika, aliowakabili ni wapiga kura wa siku zile, yaani waliomtawaza Abimeleki.

Basi tumpime vipi mgombea? Katika Kutoka 18:21, Yethro anamshauri mkwewe Musa atafute watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wakweli, na wanaochukia mapato ya dhuluma. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Mtu anaweza kuwa hajawahi kushtakiwa popote na bado akawa anapenda cha bure. Samweli alipokuwa anang'atuka alisimama mbele ya Israeli yote akauliza amechukua ng'ombe wa nani, au punda wa nani, na hakuna aliyejitokeza kumdai. Swali hilo tunaweza kuliuliza leo. Ikiwa mgombea amewahi kuwa mweka hazina wa harambee, mwenyekiti wa sacco au mjumbe wa bodi ya shule, watafute waliokuwa naye. Waulize kama vitabu vya hesabu vilisomwa mbele ya wanachama, na kama pesa za karo za yatima ziliwafikia yatima. Kwa aliye mamlakani tayari, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huchapisha ripoti za kaunti na za hazina ya maeneobunge. Tafuta ya kwenu uisome.

Jina la baba si cheti. Yoeli na Abiya walikuwa wana wa Samweli huyohuyo, na walikula rushwa Beer-sheba walipokuwa waamuzi.

Kumcha Mungu nako kusipimwe kwa kiti cha mbele kanisani wala kwa bahasha inayotolewa mbele ya kamera. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliukataa mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa moja la jijini na kuagiza urudishwe. Naona maaskofu walitenda sawa, na kila parokia, kubwa kwa ndogo, ingefaa kufuata mfano huo. Nehemia alikuwa liwali wa Yuda kwa miaka 12 na hakula posho ya uliwali, kwa sababu aliona watu wamelemewa. Huo ndio ucha Mungu ambao maskini anauona.

Kuhusu noti ya mia mbili inayopenyezwa mkononi jioni ya mkutano, Kutoka 23:8 inaonya kwamba rushwa humpofusha hata anayeona. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 nayo inambana mtoaji na mpokeaji vilevile. Usiipokee ukijiambia kwamba kura yako ni siri.

Hakikisha jina lako limo katika sajili ya IEBC. Kisha anza na wagombea wa wadi yako, kwa kuwa hao ndio unaoweza kufika kwao kwa miguu, uwaulize walifanya nini na mali ya watu.