"Furious 7": Tunashangilia Nini?

Wengi wetu tuliiona "Furious 7" tukiwa tumebanana kwenye kibanda umiza, mtafsiri akinguruma juu ya mlio wa injini hata Vin Diesel asisikike neno. (Hatukupungukiwa sana, Dominic Toretto si mtu wa maneno mengi.) Filamu hiyo, ya saba katika mfululizo ulioanza mwaka 2001, ilitoka Aprili 2015 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.5 duniani kote. Katika makala hii tunapenda kuchunguza kinachowavuta watu kiasi hicho.

Jibu la haraka ni mwendo kasi. Lakini mbio zenyewe za mitaani, zilizokuwa kiini cha filamu ya kwanza kule Los Angeles, hapa zimebaki kidogo tu. Badala yake magari yanadondoshwa kutoka kwenye ndege yakiwa na miavuli, na huko Abu Dhabi gari jekundu linapaa kutoka ghorofa moja hadi jingine. Hakuna mtazamaji anayeamini. Huo ni mchezo, na mchezo una nafasi yake: Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuliza katika "Summa" yake kama michezo inaweza kuwa na fadhila, akajibu kwamba inaweza, kwa kuwa akili nayo huchoka kama mwili, na burudani ya kiasi ni pumziko lake. Hivyo hatuoni sababu ya mtu kwenda kuungama eti alipiga makofi gari lilipopaa.

Kivutio kikubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni meza. Tangu filamu ya kwanza, Toretto huwakusanya wenzake kula pamoja, na anayetangulia kuchukua chakula ndiye anayepaswa kusali. Wanaoizunguka meza hiyo hawana damu moja wala rangi moja, na wengi wao wamewahi kutafutwa na polisi. Hata Brian O'Conner, aliyeigizwa na Paul Walker, aliingia kama askari kanzu wa kuwapeleleza, akaishia kuwa shemeji. Kwa kijana aliyetoka kijijini kwenda kupanga chumba mjini, mahali asipojulikana hata na jirani, kiti kwenye meza ile kina uzito kuliko gari lolote.

Ila meza hiyo ina mipaka yake. Katika filamu ya tano, ya mwaka 2011, kundi hilo linaburuta kasha kubwa la fedha katika mitaa ya Rio de Janeiro, likibomoa kila kitu njiani. Nani alikuwa ameketi pembeni mwa barabara? Hatuambiwi. Nao upendo kwa walio ndani unaonekana mtamu kwa sababu walio nje hawana majina. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano "Inter Mirifica", ya mwaka 1963, inakubali kwamba kuonyesha uovu kunaweza kusaidia kumfahamu mwanadamu kwa undani, mradi maadili yaheshimiwe. Hapa uovu hauonyeshwi hata kidogo, unapitwa kasi.

Halafu kuna kifo cha Walker mwenyewe. Tarehe 30 Novemba 2013, filamu ikiwa haijakamilika, alifariki kule Santa Clarita, California, akiwa na umri wa miaka 40. Alikuwa abiria katika Porsche ya rafiki yake, wakitoka kwenye shughuli ya hisani, na wote wawili walikufa. Wachunguzi walisema gari lilikuwa likienda kilomita 130 hadi 150 kwa saa, mahali ambapo mwisho ni kama 72. Watengenezaji wakabadilisha hadithi, wakawatumia ndugu zake wawili na kompyuta kukamilisha sehemu zake, na Brian hakuuawa. Anastaafu. Mwishoni anaendesha Toyota Supra nyeupe sambamba na Toretto, kisha barabara inagawanyika.

Aristotle angesema watazamaji hupata hapo huruma na hofu. Huruma tuliiona kweli: vijana wenye misuli walifuta macho. Hofu hatukuiona. Tunaamini kutomuua Brian kulikuwa heshima kwa familia yake, lakini kuna neno ambalo filamu haikulitamka, nalo ni mwendo. Tulipolijadili hili darasani tulitofautiana. Baadhi yetu walisema filamu si somo la usalama barabarani, na mazishi si mahali pa kumhukumu marehemu. Mmoja wetu, aliyemzika kaka yake kwa ajali ya pikipiki, alisema ameianza filamu hiyo mara tatu, na kila Supra ile nyeupe inapotokea barabarani, yeye huinuka akatoka nje.