Ustadi na Moyo wa Mwimbaji

Kuimba katika ibada ni kazi. Si mchezo wa kupitisha wakati, wala si njia ya mtu kujionyesha mbele ya wenzake. Kazi hiyo yataka mambo mawili: ustadi na moyo safi. Wako watu wasemao, "Mungu hutazama moyo, kujifunza kuimba kuna faida gani?" Na wako wengine wasemao, "Mwenye sauti nzuri na aimbe. Mwenendo wake ni shauri lake." Maneno hayo yote mawili yamepotoka, na habari za waimbaji wa Mfalme Daudi zaonyesha sababu yake.

1. Safari mbili za Sanduku la Agano

Habari hizo zimo katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati. Daudi alipokuwa mfalme alitaka kulileta Sanduku la Agano Yerusalemu. Mara ya kwanza watu walikusanyika wengi wenye furaha kuu. Waliimba kwa nguvu zao zote, wakapiga vinubi na vinanda, matari, matoazi na tarumbeta. Furaha ilikuwapo, na bidii ilikuwapo. Lakini kazi yenyewe haikufanywa kama ilivyoagizwa. Torati iliagiza Sanduku lichukuliwe na Walawi mabegani mwao. Watu wale walilipakia katika gari la ng'ombe. Njiani ng'ombe wakajikwaa. Mtu mmoja, jina lake Uza, akanyosha mkono alishike Sanduku, akafa papo hapo. Daudi akaogopa, na Sanduku likakaa miezi mitatu katika nyumba ya Obed-edomu.

Mara ya pili mambo yalitengenezwa. Kwanza Daudi aliwaambia makuhani na Walawi wajitakase. Kisha waimbaji wakachaguliwa, kila mtu na kazi yake: Hemani, Asafu na Ethani wapige matoazi ya shaba, na wengine wapige vinanda na vinubi. Aliyefundisha kuimba ni Kenania, na sababu yake imeandikwa wazi, ya kuwa alikuwa mstadi. Kitabu hakitaji mali yake wala ukubwa wa sauti yake.

Basi, aliyejitakasa hakuachiliwa kuimba ovyo, wala aliyekuwa mstadi hakusamehewa kujitakasa. Safari hiyo ikafika salama.

2. Kura moja kwa wote

Daudi alipokuwa mzee, waimbaji waligawanywa kwa zamu. Hesabu yao ilikuwa 288, wote wamefundishwa kuimba. Zamu zilikuwa 24, na kila zamu ilikuwa na watu 12. Mwanafunzi aweza kuihakikisha hesabu hiyo mwenyewe.

Nani atangulie? Hapo palikuwa na hatari ya ugomvi, maana kila mtu hupenda kuitwa wa kwanza. Basi wakapiga kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Zakuri, atajwaye wa kwanza katika wana wa Asafu, alipata kura ya tatu. Ndugu yake Yusufu, atajwaye wa pili, alipata kura ya kwanza. Hatusomi kwamba Zakuri alinung'unika au kwamba aliacha kuimba. Ustadi wa hao watu ulikuwa wa kutumika, haukuwa wa kugombea vyeo.

Matunda ya utaratibu huo yalionekana baadaye, Mfalme Sulemani alipoweka wakfu Hekalu. Makuhani 120 walipiga tarumbeta pamoja na waimbaji, na sauti yao wote ikasikika kama sauti moja. Ndipo wingu lilipoijaza nyumba, hata makuhani wasiweze kusimama kuhudumu. Katika habari ile hatajwi mwimbaji mmoja aliyesikika kupita wenzake.

3. Nyimbo zilizokataliwa

Miaka mingi ikapita. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo, siku za Mfalme Yeroboamu wa Pili, Amosi, mchungaji kutoka Tekoa, alihubiri Betheli. Watu wa nchi ile hawakukosa nyimbo wala vinanda. Lakini sokoni walipunguza vipimo, wakadanganya kwa mizani, wakawadhulumu maskini. Amosi akawaambia ya kuwa Mungu hataki kuzisikia nyimbo zao. Yataka kwanza haki iwepo kati yao. Gari la Uza lafundisha hatari ya bidii isiyofuata agizo. Nyimbo za Betheli zafundisha hatari ya ustadi usio na haki.

4. Katika kwaya ya shule

Na tuseme kwaya moja ina wanafunzi wawili. Wa kwanza ana sauti nzuri. Huja mazoezini amechelewa, huwacheka wanaokosea, na siku ya ibada hupaza sauti ili ajulikane. Wa pili sauti yake huiacha tuni mara kwa mara. Mwalimu akimsahihisha, hukasirika na kusema, "Mungu anaujua moyo wangu."

Wengi watasema wa kwanza ana kiburi na wa pili ni mnyenyekevu. Lakini ugonjwa wao ni mmoja. Wa kwanza hawasikii wenzake. Wa pili hamsikii mwalimu wake. Asiyesikia hawezi kuimba pamoja na watu.

Dawa yao si moja. Wa kwanza apewe kazi ya Kenania, awafundishe wadogo sauti yao, taratibu, mpaka waijue. Hapo ataona ya kuwa alichopewa alipewa kwa ajili ya wengine. Akikataa kabisa kujirekebisha, na apumzike kwanza. Wimbo wa sauti tatu zenye amani wafaa kuliko wa sauti nne zenye ugomvi. Wa pili na awahi mazoezini, asimame karibu na mwenzake aijuaye tuni, aimbe polepole huku akisikiliza. Akijitahidi na bado asiweze, iko kazi nyingine katika ibada, wala hakuna amkatazaye kuimba pamoja na watu wote.

John Wesley, mhubiri wa Uingereza, aliyajua mambo hayo. Mwaka 1761 alitoa kitabu cha nyimbo, akatia humo maagizo ya kuimba. Aliwataka watu wajifunze tuni kama zilivyoandikwa, waimbe kwa nguvu, lakini wasipige kelele ili wasikike kuliko wengine. Wafuate mwendo wa wimbo, wasitangulie wala wasichelewe. Na kupita yote, wakusudie kumpendeza Mungu kuliko kujipendeza nafsi zao.

Wazee walisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Hata mwimbaji mstadi hawezi kuwa kwaya peke yake. Mwenye sauti na ainamishe sauti yake ili wenzake wasikike. Asiye na ustadi na autafute kwa bidii. Hapo ndipo sauti nyingi huwa sauti moja.

Maswali

1. Safari ya kwanza ya Sanduku ilikosa jambo gani?
2. Kwa sababu gani Kenania aliwekwa kufundisha kuimba?
3. Kura ya waimbaji ilizuia ugomvi kwa njia gani?
4. Kwa nini nyimbo za watu wa wakati wa Amosi zilikataliwa?
5. Wanafunzi wawili waliotajwa wanafanana kwa neno gani? Eleza dawa ya kila mmoja.