Mwalimu na Ujira wa Haki

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba maneno haya husikika jioni, watu wakiisha kula: "Mwalimu ana nini cha kulalamikia? Mshahara wake waja kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Sisi twangoja kahawa." Asemaye hivyo si mtu mbaya. Ni mkulima ambaye migomba yake imeingiwa na mnyauko, na bei ya kahawa yake hupangwa na watu asiowajua. Neno lake lastahili kujibiwa kwa hoja, wala si kwa hasira. Basi leo twapenda kulichunguza jambo hili pamoja nanyi, wazazi na walimu: je, mwalimu wa shule ya Serikali analipwa kwa haki?

Jambo hili latuhusu sote. Zamani shule nyingi za Buhaya zilikuwa za misioni, na mwalimu alilipwa kupitia misioni. Tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule hizo zilitwaliwa na Serikali, na walimu wakawa watumishi wa umma. Watoto wetu walio wengi husoma mikononi mwao. Mwalimu akipunjwa, yuko mtoto anayepunjwa pamoja naye.

Kwanza tutafute kipimo, maana pasipo kipimo kila mtu atasema lake. Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki. Ujira usiotosha kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi ni dhuluma, hata kama yeye mwenyewe aliukubali kwa kukosa njia nyingine. Mwaka 1931 Papa Pius wa Kumi na Moja aliongeza wazi kwamba ujira huo yapasa uitoshe na jamaa ya mfanyakazi. Tarehe 5 Oktoba 1966 mataifa yalikubaliana mapendekezo juu ya hali ya walimu, chini ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani. Humo imeelezwa kwamba mshahara wa mwalimu uonyeshe uzito wa kazi yake, ulingane vema na ule wa watu wengine wenye elimu kama yake, na umwezeshe kuishi vizuri na jamaa yake. Nasi twaongeza kipimo ambacho kila kibarua akijua: ujira ulipwe kwa wakati wake.

Sasa tuitazame karatasi ya mshahara. Tuseme mwalimu mwenye shahada ameandikiwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Mfuko wa pensheni wachukua asilimia 5, yaani shilingi 40,000. Bima ya afya yachukua asilimia 3, yaani 24,000. Akiwa mwanachama wa Chama cha Walimu, hutoa asilimia 2, yaani 16,000. Akiwa alisoma kwa mkopo wa Serikali, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15, yaani 120,000. Hapo robo nzima ya mshahara imekwisha kwenda, shilingi 200,000, na kodi bado. Kodi nayo, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni shilingi 68,000. Mkononi mwake zabaki shilingi 532,000. Hatusemi kwamba makato hayo ni wizi. Pensheni na bima ni mali yake, na deni ni deni. Twasema tu kwamba mshahara unaosifiwa barazani sio ule unaofika nyumbani.

Tuwachukue sasa walimu watatu wenye karatasi moja hiyo hiyo. Wa kwanza ni mzaliwa wa Kamachumu, naye hufundisha karibu na kwao. Analala katika nyumba yake, na ndizi, maharage na mboga zatoka kibanjani. Wa pili ametoka mkoa mwingine na kupangiwa Bukoba mjini. Analipa kodi ya chumba, ananunua ndizi sokoni na mkaa barabarani, na wazee wake walio mbali wangoja msaada. Wa tatu amepelekwa katika visiwa vya Muleba, tuseme Bumbile, Ikuza au Goziba. Huko chakula kingi huja kwa boti, na mwalimu akitaka kwenda hospitali kubwa au ofisi ya Halmashauri, hana budi kulipa nauli na kungoja ziwa litulie.

Wa kwanza husemwa kuwa ana maisha mazuri, na watu humnyoshea kidole kuwa ushahidi kwamba mshahara unatosha. Lakini tuangalie vema ni nani anayemlisha. Ni kibanja, jembe na mgongo wa mkewe. Mgomba wa jamaa yake ndio unaolipa sehemu ya ujira ambayo mwajiri hakuilipa. Ukitaka kujua kama mshahara watosha, mtazame yule asiye na mgomba. Kwa huyo wa pili na wa tatu, jibu letu ni kwamba hautoshi kwa haki. Tena wa kisiwani adaiwa zaidi na kazi ile ile, na tofauti ya gharama aibeba mwenyewe.

Twende kwenye kipimo cha uzito wa kazi. Serikali yenyewe iliweka kipimo cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza, watoto walioandikishwa darasa la kwanza nchini waliongezeka sana. Tulifurahi, na hata leo twafurahi, maana watoto wa maskini walipata mlango. Lakini mlango ulipanuliwa kwa siku moja, na walimu hawakuongezeka kwa siku moja. Walikuwako waliojikuta mbele ya watoto 80, 100 au zaidi katika chumba kimoja. Madaftari ya kusahihisha yakawa marundo, na mshahara ukabaki ule ule. Fundi seremala akiagizwa viti mara mbili hulipwa mara mbili. Mwalimu akiletewa watoto mara mbili huambiwa awe na moyo wa kujitolea.

Mwaka huo huo, tarehe 10 Septemba, tetemeko liliitikisa Kagera. Watu walifariki, na nyumba kwa maelfu zilianguka au kupasuka. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Mwalimu aliyepoteza nyumba alilala nje kama jirani zake, kisha akatakiwa asimame mbele ya watoto wenye hofu. Uzito wa kazi ya namna hiyo hauonekani katika karatasi yo yote ya mshahara.

Kipimo cha wakati nacho chatuhukumu. Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisimamishwa wakati watumishi hewa walipokuwa wakitafutwa. Kuwatafuta wezi ni haki. Lakini mwalimu mwaminifu alingoja pamoja nao, na miaka yake ya ngazi ile haikurudi. Hasara hiyo haiishii katika mshahara, maana pensheni nayo hukokotolewa kwa kutazama mshahara. Kadhalika madai ya uhamisho, likizo na matibabu yamekuwa wimbo wa miaka mingi. Tarehe 30 Julai 2012 walimu waligoma nchini, wakidai pamoja na mengine nyongeza ya asilimia 100 ya mshahara. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilitamka kwamba mgomo huo si halali. Sheria ilitamka juu ya njia waliyoitumia. Swali la haki lilibaki pale pale.

Ni lazima pia tuseme mema yaliyotendeka, maana haki hudai ukweli wote. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kiliongezwa kwa asilimia 23.3. Mei Mosi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Singida kwamba kima hicho kitatoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Haya si mambo madogo. Lakini msomaji asichanganye kima cha chini na mshahara wote: mwaka 2022 walio katika ngazi za juu walipata nyongeza ndogo kuliko asilimia iliyotangazwa, na wengi walishangaa walipoiona.

Sasa tumrudie mkulima wetu. Ndugu, dhiki yako ni ya kweli, nasi hatukuambii uione ndogo. Lakini dhuluma mbili hazizai haki moja. Wewe ukipunjwa katika kahawa, haikuongezei hata senti moja mwalimu akipunjwa katika mshahara. Tena kumbuka kwamba mshahara ule hautoki mbinguni: watoka katika kodi uilipayo ununuapo sukari, sabuni na mafuta. Kwa hiyo wewe nawe u mwajiri wake. Mwajiri ana haki ya kudai kazi njema, na ana wajibu wa kutaka mfanyakazi wake alipwe sawasawa. Mambo hayo mawili hayatengani.

Na mwalimu naye asikie neno lake. Ujira mdogo haumpi mtu ruhusa ya kuiba saa za watoto. Anayeliacha darasa aende dukani kwake, na anayeficha somo asubuhi ili aliuze jioni kwa jina la twisheni, huuza mara ya pili kitu kilichokwisha kulipiwa, hata kama kililipiwa kidogo. Anayeumizwa hapo si mwajiri, ni mtoto wa maskini asiye na fedha ya jioni.

Basi tufanye nini? Kwa wenye mamlaka twasema: lipeni kwanza madeni, maana deni si zawadi ya kusubiriwa. Mwalimu wa kisiwani apewe nyumba au posho inayolingana na gharama za huko. Walimu vijana waliohitimu na ambao bado wako nyumbani waajiriwe. Kila mmoja wao apunguza mzigo wa mwenzake, na huko nako ni kurekebisha ujira. Kwa wazazi twasema: katika mkutano wa shule, msiulize tu kwa nini watoto wameshindwa. Ulizeni pia darasa lina watoto wangapi, mwalimu analala wapi, na anadai nini. Mahali wazazi walipokubaliana kujenga nyumba ya mwalimu au kumchangia mwalimu wa kujitolea, watimize walichoahidi kwa wakati wake, wasije wakafanya wao lile wanalomlaumu nalo mwajiri mkubwa.

Jioni ya leo, yale maneno yatakaposemwa tena barazani, mwenye nyumba amwite mtoto wake alete daftari. Alifungue, atazame alama za kalamu nyekundu, ahesabu madaftari mangapi ya namna hiyo yako mezani kwa mwalimu usiku huu, kisha ajiulize mwenyewe kama angeifanya kazi hiyo kwa ujira huo.