Hofu ya daktari wa meno si woga wa kitoto

Je, msomaji, jino limekusumbua kwa miezi mingi, lakini kila unapotoka Matasia kwenda Ngong kutibiwa, miguu hukataa? Moyo hukudunda, jasho hukutiririka, na hatimaye hununua vidonge vya maumivu na kurudi nyumbani. Usijione mjinga. Hofu hiyo ikikithiri huwa ni ugonjwa unaotambuliwa na madaktari wa akili, na una tiba.

Mara nyingine ugonjwa huu hauji peke yake. Watafiti wa Dunedin, New Zealand, walieleza mwaka wa 2001 kwamba vijana wenye hofu kubwa ya daktari wa meno walielekea zaidi kuwa na matatizo mengine, kama vile kuogopa kuwa mbele za watu au kutawaliwa na pombe. Si kila anayeogopa sindano ana matatizo hayo, lakini wapo wanaohitaji msaada zaidi ya kutibiwa jino.

Huanzaje? Wengi waliumizwa utotoni, au waling'olewa jino kabla ganzi haijashika. Mwaka wa 1984 Ulf Berggren na mwenzake wa Uswidi walieleza jinsi hofu inavyojilisha: mtu hukwepa matibabu, meno huharibika, aibu humshika, na aibu humzidishia hofu. Hapa Kajiado kuna aibu nyingine. Maji ya visima vingi yana madini ya floraidi kwa wingi, nayo hutia meno rangi ya kahawia. Rangi hiyo si uchafu. Isikuzuie kufungua kinywa.

Ufanye nini?

1. Mweleze daktari hofu yako kabla ya kuketi kitini.

2. Kubalianeni kwamba ukiinua mkono, ataacha kwanza.

3. Ziara ya kwanza iwe ya kukaguliwa tu.

4. Ukihitaji pombe ili upate ujasiri, au ukiogopa hata mikutano ya watu, omba kuelekezwa kwa mshauri au daktari wa akili. Tiba ya mazungumzo, pamoja na kuizoea hofu hatua kwa hatua, imewasaidia wengi.

Lakini shavu likivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, usingoje hofu iishe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani usaha wa jino unaweza kuua. Mficha maradhi, kifo humuumbua.