SOMO LA WIKI: Programu ipi ya Git inamfaa mfanyabiashara mdogo?

Mfanyabiashara wa mpunga wa Chanzuru, wilayani Kilosa, anayemlipa kijana amtengenezee programu ya kuhesabu magunia ya ghalani, kwa kawaida huuliza bei na siku ya kukabidhiwa. Swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: kijana akihamia mjini, kazi inabaki kwa nani?

Jibu limo ndani ya Git, mfumo uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Hufanya kazi kama daftari la ghala linalotunzwa vizuri: mstari wa jana haufutwi, bali badiliko huandikwa chini yake pamoja na jina na tarehe. Programu ikiharibika Jumanne, hurudishwa ilivyokuwa Jumatatu. Tena historia yote hukaa kwenye kompyuta yenyewe, hivyo kazi huendelea hata mtandao ukikatika. Bando huhitajika wakati wa kupeleka au kupokea nakala tu.

Git huendeshwa kwa amri za kuandika. Wasiozipenda hutumia programu zenye madirisha na vitufe, na hapo ndipo gharama hutofautiana.

GitHub Desktop ni ya bure na nyepesi kujifunza. Sourcetree ya kampuni ya Atlassian nayo ni ya bure, na huonyesha matawi yote ya kazi kwa mchoro. Zote mbili ni za Windows na Mac. Mwenye Linux hana toleo rasmi. GitKraken inakwenda hata kwenye Linux, ila toleo lake la bure halifunguki kwa hifadhi za siri zilizo mtandaoni, na hesabu za biashara si kitu cha kuanika hadharani. Tower hulipiwa kila mwaka. Fork huuzwa dola za Marekani 59.99, mara moja tu. Gitk na Git GUI huja pamoja na Git ya Windows. Sura zao ni za kizamani, lakini hazina bili.

Kwa kijana mmoja na ghala moja, hakuna sababu ya kulipia. Fork huanza kurudisha fedha pale watengenezaji wawili wanapogusa mstari uleule: mmoja kabadili bei ya kilo, mwingine kipimo cha gunia. Git husimama na kuuliza lichukuliwe lipi, na kuyaona yote mawili kwa pamoja huokoa saa nyingi.

Kubwa zaidi ni akaunti. Tangu Aprili 2020, GitHub inaruhusu hifadhi za siri bila malipo, hata zenye washiriki wengi. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya mwenye ghala, kijana aalikwe kama mshiriki. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya nakala kamili kushushwa kwenye kompyuta ya mwenye mali na kufunguka mbele yake. Kwa kazi hiyo, GitHub Desktop inatosha.