Petroli Haipandi Yenyewe

Gari la zamani likizimika barabarani, hukumu hutolewa kabla fundi hajafungua boneti: "Pampu ya mafuta imekufa." Pengine ni kweli. Lakini pampu ina kazi moja tu, na kazi hiyo inapimika kwa namba. Wengi wetu hatuipimi kwa sababu tunaitaja vibaya tangu mwanzo: tunasema pampu "inavuta" mafuta. Petroli haivutiki. Husukumwa tu.

Chukua dafu na mrija. Unaponyonya, mdomo wako hauyashiki maji na kuyapandisha. Unachofanya ni kupunguza presha ndani ya mrija, na hewa inayoukandamiza uso wa maji ndani ya dafu ndiyo inayoyasukuma hadi kinywani. Ziba tundu la dafu pande zote za mrija, maji yatagoma baada ya mafunda machache, hata uwe na mapafu ya mzamiaji. Hewa haiingii tena, na kisukumaji kimekwisha.

Hapo tayari tumepata kipimo cha kwanza, na ni cha bure. Tenki la petroli lina njia ya kuingizia hewa, mara nyingi kwenye kifuniko chake, na njia hiyo huziba kwa vumbi au kwa kufungwa kifuniko kisicho chake. Gari linakwenda kilomita kadhaa, linakosa nguvu, linazima. Fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa mluzi na gari likawaka baadaye, pampu haina kosa.

Kwa nini basi pampu iwepo? Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa nayo. Kwa kawaida tenki lilikaa chini ya kiti cha mbele, juu kidogo ya kabureta, na petroli ilishuka kwa uzito wake. Kwenye mlima mkali, petroli ikiwa kidogo, injini ilikuwa juu kuliko tenki na mafuta hayakufika, hivyo madereva wakapanda mlima kinyumenyume. Wabunifu wa baadaye walipolipeleka tenki nyuma na chini, mbali na joto la injini, walihitaji kitu cha kuipandisha petroli.

Kwa hesabu tupu kazi hiyo ni nyepesi. Hewa ya usawa wa bahari hukandamiza kwa kilopaskali 101 hivi. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo hewa ya Dar es Salaam ingeweza kuipandisha karibu mita 14 ndani ya bomba lisilo na hewa, na injini haiko hata mita moja juu ya tenki. Tatizo ni kwamba petroli ina haraka ya kugeuka mvuke. Kwenye nyuzi 38 za Selsiasi, joto ambalo bomba karibu na injini hulipita kirahisi, presha ya mvuke wake hufika nusu ya presha ya hewa au zaidi. Ukiishusha presha ndani ya bomba chini ya kiwango hicho, petroli inachemka humo humo, na pampu inabaki kupampu mapovu. Sasa panda hadi Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ina kilopaskali 83 hivi. Kisukumaji kimepungua, na petroli ina uchu ule ule wa kuchemka. Ndiyo maana gari la kabureta huweza kuzima katikati ya mlima Kitonga, injini ikiwa ya moto na mwendo ni wa polepole, kisha likawaka vizuri baada ya kupumzishwa. Kitambaa kibichi juu ya pampu, dawa ya madereva wa zamani, ni fizikia halali kabisa: maji yakikauka yanaondoka na joto, na mvuke unarudi kuwa kimiminika.

Pampu ya magari hayo ya kabureta, kwa mfano Corolla ya KE70 yenye injini ya 4K, imefungwa ubavuni mwa injini. Kamshafti inasukuma mkono mdogo, na mkono unakivuta chini kiwambo cha mpira. Nafasi iliyo juu ya kiwambo inapanuka, presha inashuka, vali ya kuingizia inafunguka na hewa ya tenki inasukuma petroli ndani. Mkono ukiachia, springi inakirudisha kiwambo juu, vali ya kutolea inafunguka na petroli inakwenda kwenye kabureta. Angalia ni nani anayesukuma mara hii: springi. Mkono hauna usemi juu ya presha. Springi ndiyo inayoiweka kati ya kilopaskali 20 na 35, na kabureta ikishiba, sindano yake ikifunga njia, springi inashindwa kusukuma, kiwambo kinabaki chini na mkono unacheza bure. Mtambo mzima unajirekebisha wenyewe bila waya hata mmoja. Binafsi sijaona kifaa kwenye gari kilichobuniwa kwa akili nyingi na vipande vichache kiasi hicho.

Kuipima ni rahisi. Ondoa umeme wa koili ili injini isiwake, chomoa bomba linalokwenda kwenye kabureta, liingize ndani ya chupa, na mwenzako apige stata. Petroli inapaswa kuruka kwa vipigo. Ikitoka kwa kulegea, vali zimechoka au springi imelegea. Isipotoka kabisa, kagua kwanza bomba linalotoka kwenye tenki, kwa sababu ufa mdogo upande huo hauvujishi petroli nje: unaingiza hewa ndani, na macho hayauoni. Kisha chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kiwambo kikichanika, petroli huteremka kwenye oili ya injini, na oili iliyochanganyika na petroli hailindi tena beringi. Gari la namna hiyo lisiwashwe hadi oili imwagwe.

Magari ya nozeli yalileta pampu ya umeme na kuizamisha ndani ya tenki. Uamuzi huo ulitatua mambo mawili kwa pamoja. Pampu iliyo chini kabisa haihitaji kunyonya, inasukuma. Na petroli iliyo chini ya presha haichemki kirahisi. Kwenye injini kama 5A-FE ya Corolla za AE100 na AE110, presha ya mafuta hukaa kati ya bar 2 na 3, mara kumi ya ile ya springi, kwa sababu nozeli inatakiwa kuipasua petroli iwe ukungu.

Mota ya umeme, yenye brashi zinazotoa cheche, ndani ya petroli? Wasiwasi huo ni wa haki, na jibu lake ni la kikemia. Petroli ikiwa kimiminika haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, tena ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Ndani ya pampu hakuna hewa, na juu ya petroli ndani ya tenki mvuke kwa kawaida umezidi kipimo hicho. Mchanganyiko wa hatari unapatikana siku unapolifungua tenki.

Petroli hupita katikati ya mota hiyo, ikiipoza na kuilainisha. Anayeendesha kila siku taa ya mafuta ikiwaka anaipunguzia pampu yake kipoza joto, na kuilisha uchafu uliotuama chini ya tenki.

Sasa gari limekataa kuwaka. Ukishajua plagi zinatoa cheche, geukia mafuta. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, kufungua swichi na kutega sikio hakutoshi: kompyuta haiiwashi pampu mpaka stata izungushe injini, ili gari likipata ajali na injini ikazima, petroli isiendelee kumwagika. Ukimya wake kabla ya stata si ushahidi. Lakini chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani yake matundu ya +B na FP. Fungua swichi, unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya, na umeme utakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Ikivuma, na bomba la mafuta likakakamaa mkononi, ilhali kwa stata haivumi, kosa liko kwenye rilei au kwa anayeiamuru.

Isipovuma, anza na fyuzi, kisha upime volti kwenye plagi ya waya za pampu. Hapa ndipo pampu nzima nyingi zinapotupwa. Fundi anachomoa plagi, anaweka mita, anasoma volti 12 na kusema umeme upo. Lakini plagi ikiwa imechomolewa, mkondo haupiti, na penye ukinzani bila mkondo hakuna volti inayopotea. Irudishe, pampu idai ampea 5 hivi. Kutu yenye ukinzani wa nusu omu kwenye kiungo itakula volti 2.5, na mota itabaki na 9.5. Pima plagi ikiwa imechomekwa, ukigusa waya kwa nyuma yake, na pima waya wa ardhi vilevile, maana kutu hupenda zaidi bodi ya gari.

Dalili za pampu dhaifu zinaeleweka kwa hesabu hiyo hiyo. Injini ndogo ikiunguruma imesimama hutumia kama lita moja kwa saa. Pampu nyingi za magari ya aina hii zinatoa lita 80 au zaidi kwa saa, na zinazobaki hurudi tenkini. Kwa hiyo pampu iliyopoteza nusu ya nguvu itawasha gari asubuhi bila shida, na kukuangusha ukilipita lori mlimani. Funga geji ya presha. Ikiwa presha ni ndogo, bana kidogo bomba la kurudishia mafuta. Presha ikipanda mara moja, pampu ina nguvu na regulita ndiyo inayovujisha. Isipopanda, badilisha filta kwanza, kisha upime tena, na ndipo uhukumu.

Kubadilisha kwenyewe hakuna mengi. Chomoa umeme wa pampu injini ikiwa inawaka na iache ife yenyewe, ili presha iishe bombani. Kisha toa waya hasi wa betri. Kwenye magari mengi, kifuniko kiko chini ya kiti cha nyuma. Mengine yanadai tenki lishushwe. Fanya kazi nje penye upepo, kamwe si juu ya shimo la gereji, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne na hutuama shimoni ukingoja cheche. Pangusa vumbi kabla ya kufungua. Weka chujio jipya la mguuni na mpira mpya wa kuzibia, na kipande cha bomba kilicho ndani ya tenki kiwe cha kuzama kwenye petroli, kwani mpira wa kawaida huvimba na kupasuka. Usiijaribu pampu mpya ikiwa kavu mezani.

Gari likishawaka, soma geji tena, kisha zima. Presha inapaswa kubaki kwa muda, ikishikwa na vali ya pampu. Ikianguka papo hapo, vali hiyo, nozeli, regulita au kiungo fulani kinapitisha.

Pampu ya zamani iache ikauke nje kwa siku kadhaa, kisha ikate kwa msumeno wa mkono, si kwa grainda. Brashi za kaboni zilizolika hadi mwisho, au komyuteta iliyochimbika, zinathibitisha kuwa ilikufa kweli. Ukizikuta brashi ndefu na shaba inang'aa, rudi kwenye waya ukapime tena plagi ikiwa imechomekwa.